Saa Isiyo na Mishale

Muuguzi aliinama, akakibandika pajani kwa plasta:
kidude cheupe, sawa na kiberiti,
hakina uso, hakina mishale.
"Siku saba, Bi Genowefa. Uoge nacho, ulale nacho.
Kitahesabu ukikaa, ukisimama, ukilala."
Na nikipiga magoti?
Akatazama karatasi yake. Magoti hayamo.

Miaka thelathini na tisa nilisimama
katika kiwanda cha pamba, hapa hapa Łódź:
vitanda vya mfumi kumi na viwili, mimi mmoja,
kwenda na kurudi, kurudi na kwenda,
vumbi la nyuzi kopeni kama theluji isiyoyeyuka.
Kiti kilikuwa kimoja, cha msimamizi.
Tulikitazama kama mfungaji wa Kwaresima anavyotazama sufuria.
Nikiota, sikuota pesa wala bahari.
Niliota nimekaa.

Basi nilipostaafu nikanunua kiti,
cha kijani, mikono mipana, mkopo wa miezi kumi.
Nikakaa.
Nilikaa kwa niaba ya Halina aliyevimba miguu,
kwa niaba ya Pelagia
aliyeshikwa na uchungu wa uzazi uzi ukiwa mkononi.
Nililikaa deni lote, na riba yake.

Sasa daktari, kijana mwenye viatu vya kukimbilia,
aniambia kiti kinanila.
Kwamba damu yapenda mwendo,
kwamba mfupa usiotumwa hujisahau,
kwamba kila nusu saa niinuke,
japo hadi dirishani na kurudi.
Kwenda na kurudi!
Nilicheka mpaka akanipima presha.

Siku ya pili nikawaza kumvika mbwa wa Zdzisław,
apandaye ngazi mara sita kwa siku.
Wataalamu wangeandika: mama wa miaka sabini na minane
amefukuza paka hadi mtaa wa pili.
Lakini plasta ilinata,
na mimi kiwandani sikuiba hata uzi.

Usiku ndipo kidude kilipoanza uongo.
Nalala chali upande wangu;
upande wa Bronisław shuka halina mkunjo.
Saa nane. Saa tisa.
Tramu ya kwanza inakwaruza kona saa kumi na dakika kumi,
nami macho kodo.
Kitaandika: amelala.
Kweli, nimelala.
Usingizi ndio haukulala nami.
Kitanda cha kwanza kilininyima kukaa,
cha pili kinaninyima hata kusinzia.

Usiku wa nne nikaamka kwa hasira.
Jiko hadi dirisha, dirisha hadi jiko,
soksi mbili mbili kwa baridi,
na ghafla mkono ukanyooka wenyewe hewani
ukafunga fundo, lile fundo dogo la uzi uliokatika,
na miguu ikageuka bila kuulizwa
kwenye kona ambayo jikoni mwangu haimo.
Nikahudumia vitanda vyote kumi na viwili.
Halina alikuwa mstari wa pili. Alikuwa akipiga mluzi.
Kisha nikajitupa kitandani na soksi zangu,
nikaja kuzinduka saa mbili, jua limefika shavuni.

Siku ya sita nilifuatana na Zdzisław na mbwa wake
mpaka kiwanda cha zamani. Matofali yaleyale mekundu.
Pale nilipokuwa nasimama
wanauza viatu vya kukimbilia.
Nilijaribu jozi moja. Bei yake,
nusu ya kiti.

Kiti sikukiuza. Tumepatana:
nusu saa chake, dakika chache zangu,
naye hanung'uniki.

Siku ya nane muuguzi akabandua plasta,
ikabaki alama, ngozi nyeupe ya pembe nne.
Akafungua mchoro kwenye kompyuta,
milima midogo, mabonde marefu, marefu mno.
Kidole chake kikasimama kwenye kilele kimoja, peke yake gizani.
"Alhamisi, saa tisa usiku hadi kumi.
Ulikuwa wapi, Bi Genowefa?"

Kazini, nikasema.
Zamu ya usiku.